Historia fupi ya kumpiga picha mdudu asiyetulia

Leo tuziache lugha za programu kidogo twende bustanini. Kuna watu wengi ambao jioni baada ya kazi huchukua kamera, wakapiga magoti kwenye nyasi na kumvizia nzi au nyigu kwa saa nzima. Wengi wao si wanasayansi, wanafanya kwa kupenda tu. Picha zao, ambapo unahesabu hata nywele za mguu wa nzi, zina nyuma yake zaidi ya miaka 350 ya ufundi. Na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, ili umwone mdudu vizuri ilibidi kwanza afe.

Tatizo lenyewe kwa hesabu

Chukua nzi wa kawaida wa jikoni. Anapiga mabawa karibu mara 200 kwa sekunde. Bawa lake lina urefu wa milimita 6 hivi, na ncha yake husafiri kama milimita 30 kwa kila pigo la kwenda na kurudi. Zidisha: 30 mara 200 ni milimita 6,000, yaani mita 6 kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, kasi inayotosha kabisa kumnasa mwanariadha akikata utepe, ncha ya bawa itakuwa imesogea milimita 6. Huo ni urefu wa bawa zima! Utapata ukungu tu. Ukitaka isogee robo ya milimita pekee, unahitaji 1/25,000 ya sekunde hivi. Ikumbuke namba hiyo, tutakutana nayo tena.

Tatizo la pili ni kina. Ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye filamu ya milimita 35, lenzi ikiwa f/8, sehemu inayoonekana wazi ina unene wa milimita 1 hivi. Jicho likiwa wazi, miguu na tumbo vinapotea. Ukiziba tundu la lenzi ili uongeze kina, mwanga unapungua, na mwanga ukipungua unalazimika kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu zaidi. Ukivuta huku, kule kunaachia.

Kutoka pombe hadi cheche

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha Micrographia, kitabu chenye michoro mikubwa ya kiroboto, jicho la nzi na wengine wengi aliowaona kwa hadubini. Sisimizi alimtesa. Akimgandisha miguu, alijinyonganyonga. Akimuua, umbo liliharibika. Mwishowe Hooke alimlewesha kwa pombe kali. Sisimizi akalala karibu saa moja, akachorwa, kisha akazinduka na kukimbia zake.

Upigaji picha ulipovumbuliwa, William Henry Fox Talbot alipiga picha za mabawa ya wadudu yaliyokuzwa kwa hadubini karibu mwaka 1840. Mabawa tu, bila mwenyewe, kwa sababu bawa lililokatwa haliruki.

Aliyelikabili suala la mwendo ni Mfaransa Étienne-Jules Marey. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alibandika kipande kidogo cha karatasi ya dhahabu kwenye ncha ya bawa la nyigu, akaona mng'ao wake ukichora umbo la nambari 8 hewani. Kisha akaacha mabawa yaguse silinda iliyopakwa masizi, inayozunguka kwa kasi inayojulikana, akahesabu alama. Kwa lugha ya leo, alikuwa na kihisi na logi, miongo mingi kabla ya tarakilishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa anapiga picha za wadudu kwa muda wa 1/25,000 ya sekunde, akitumia mwanga wa jua uliokusanywa. Ile namba yetu ndiyo hiyo.

Msaidizi wake Lucien Bull, mzaliwa wa Dublin, alikwenda mbali zaidi mwaka 1904. Badala ya kufungua na kufunga kamera upesi, aliiacha wazi gizani na kutumia cheche za umeme, zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Lakini nani atabonyeza kwa wakati? Mkono wa binadamu umechelewa mno. Bull akapanga mdudu mwenyewe, anapoachiwa kuruka, awashe mtambo. Wenzangu waandishi wa programu watautambua mpango huu mara moja: usiulize kila wakati kama jambo limetokea, subiri tukio lenyewe likuite.

Mambo mawili tayari yalikuwa mezani, basi: mwanga ndio unaokata muda, siyo kamera, na mdudu ndiye anayebonyeza. Yaliyofuata ni kuyafanya mambo hayo yawe rahisi na ya bei nafuu.

Wapenzi wa kawaida wanaingia

Mwaka 1914 David Fairchild, mtaalamu wa mimea wa Marekani, na mkewe Marian, binti wa Alexander Graham Bell wa simu, walitoa Book of Monsters, kitabu cha picha kubwa za wadudu wa uani kwao. Upigaji picha haukuwa kazi yao. Walitumia kamera ndefu ajabu, maana kadiri lenzi inavyokaa mbali na filamu ndivyo kitu kinavyokuzwa. Panzi wao anaonekana kama jitu. Lakini majitu hayo yalikuwa yamekufa, yakasimamishwa kwa uangalifu ili yaonekane hai.

Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa MIT aliboresha flashi ya kielektroniki, na baada ya vita kuu ya pili flashi hiyo ikawafikia watu wa kawaida. Katika miaka ya 1970 Mwingereza Stephen Dalton alirudi kwenye wazo la Bull kwa vifaa vya kisasa: mdudu anakata mwali wa mwanga, shata maalumu inafunguka upesi, flashi inawaka kwa 1/25,000 ya sekunde. Picha yake moja ya mdudu akiruka kando ya maua iliwekwa kwenye rekodi ya dhahabu ya vyombo vya Voyager mwaka 1977. Hivi sasa iko kwenye anga ya kati ya nyota.

Programu inachukua zamu

Kamera za dijitali ziliondoa gharama ya kukosea. Filamu ilikuwa na picha 36 na kungoja studio. Kadi ya kumbukumbu haidai chochote, na matokeo unayaona papo hapo. Lenzi ya zamani ya milimita 50 ikigeuzwa nyuma-mbele, pamoja na flashi ya kawaida iliyopunguzwa nguvu, vinatosha kuanzia. Flashi ikipunguzwa nguvu huwaka kwa muda mfupi zaidi, mara nyingi chini ya 1/10,000 ya sekunde.

Tatizo la kina likahamia kwenye msimbo. Unapiga picha kadhaa, kila moja ikiwa wazi mahali tofauti, kisha programu inazipanga, inalinganisha pikseli kwa pikseli na kuchagua sehemu zenye makali. CombineZ ya Alan Hadley ilitolewa bure. Helicon Focus na Zerene Stacker zikafuata njia hiyo.

Hapa ndipo penye utata. Mbinu hii inataka mdudu atulie, na mdudu hatulii. Wengine huwangoja alfajiri wakiwa wamepoa kwa umande. Wengine huwatia kwenye friji, au huwaua, halafu picha inaonyeshwa kama ya porini. Kwangu mimi huko ni kurudi kwa kina Fairchild, na mtazamaji anastahili kuambiwa. Tena hakuna ulazima. Tangu mwaka 2016 Olympus E-M1 Mark II iliweza kuhifadhi picha kwenye bafa kabla hujabonyeza kabisa. Ukibonyeza nzi akiwa ameshaondoka, picha zake akiwa anaruka tayari unazo.

Faida yake haiishii kwenye uzuri. Baadhi ya nzi wakubwa wanaouma ng'ombe wana mistari ya rangi machoni ambayo hupotea wakikauka. Sampuli iliyochomwa pini kwenye droo ya makumbusho haina tena rangi hizo. Picha ya nzi aliye hai, yenye tarehe na mahali, ikipandishwa kwenye tovuti kama iNaturalist iliyoanza mwaka 2008, inahifadhi kitu ambacho pini hupoteza. Na kumbukumbu hiyo yaweza kutoka kwa mtu yeyote mwenye kamera na subira, hata wewe hapo shambani kwenu.