Uzao wa Namba Tasa

Aliyetunga istilahi ya "namba tasa" alikuwa na sikio la ushairi. Namba isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe ameiita tasa, kana kwamba haizai. Malenga anaijua tabia hiyo bila ya kwenda skuli: mizani 16 hugawika nane kwa nane, bali 17 hazikubali kukatwa vipande vilivyo sawa.

Hata hivyo, iko nasaba moja ya matasa yanayozaa. Zidisha 2 mbili pamoja, utoe 1: utapata 3. Zidisha 2 tatu, utoe 1: utapata 7. Zidisha 2 saba, utoe 1: utapata 127. Wote hawa ni tasa. Je, tukizidisha 2 mia na ishirini na saba, tukatoa 1?

Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, aliandika mwaka 1644 kuwa hiyo nayo ni tasa, wala hakuleta ushahidi. Namba yenyewe ina tarakimu 39:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Nani angeijaribu kwa kigawo kimoja kimoja? Umri wa mja hautoshi.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, mwalimu Édouard Lucas, aliacha kusaka vigawo, akafuata njia nyingine. Tuionje kwa 127. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, utoe 2: 7. Fanya vivyo hivyo: 47. Tena: 2,207, igawe kwa 127, ushike baki tu, 48. Kutoka 48 huja baki 16; kutoka 16 huja 254, ambayo ni 127 mara mbili, baki 0. Sifuri hiyo ya mwisho ndiyo shahidi kwamba 127 ni tasa. Hapo hatua ni 5. Kwa ile namba kubwa ni 125. Lucas alifika kwenye sifuri bila ya mashine, na hadi mwaka 1951 haikuthibitishwa namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Basi Mersenne alisema kweli? Hapa, ndiyo. Lakini alidai vilevile kuwa ukizidisha 2 sitini na saba, ukatoa 1, utapata tasa. Na mwaka huohuo wa 1876 Lucas alionyesha kuwa sivyo. Vigawo vyake vilifichuliwa na Frank Nelson Cole, Mmarekani, mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Na mtoto wa namba yetu ya tarakimu 39? Hata leo hajulikani kama ni tasa, kwani ukubwa wake umezishinda mashine zote. Wako wanaotamani kuamini, kwa kuwa wazee wake wote ni tasa. Nawakumbusha 13: ni tasa, na mtoto wake, 8,191, ni tasa, lakini mjukuu alipopimwa kwa mashine mwaka 1953, alionekana ana vigawo.

Sisi wa mwambao tumelelewa kuheshimu nasaba na kauli ya mkubwa. Heshima hiyo ni njema. Lakini namba haiulizwi ni ya nani. Hupimwa yenyewe, hatua kwa hatua, mpaka kwenye sifuri.