Divali si fataki tu: Tuijue sikukuu ya jirani zetu Wahindu

Pwani tuna methali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Twaisema huku tukicheka. Baniani mwenyewe ni yule mfanyabiashara wa Kihindu aliyekuja na jahazi kwa pepo za kaskazi, akafungua duka katikati yetu. Tumekaa naye hadi tukamtungia methali, lakini ukiuliza mitaani Divali ni nini, jibu ni lile lile: "Siku ya Wahindi kulipua fataki." Kwa mtu na jirani yake, jibu hilo naliona halitoshi.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Mabohora na Makhoja ni Wahindi, lakini ni Waislamu, na Divali si sikukuu yao. Wajaini, ambao hekalu lao liko Barabara ya Langoni, Mombasa, huiadhimisha wakimkumbuka mwalimu wao Mahavira. Masingasinga nao hukumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka kifungoni.

Jina lenyewe latokana na Kisanskriti, na maana yake ni safu ya taa. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Rama, mwana wa mfalme, aliyeishi uhamishoni miaka 14. Mkewe Sita alitekwa na Ravana. Rama akamshinda Ravana, akamkomboa mkewe, na waliporejea Ayodhya watu waliwasha taa kuwalaki. Ndiyo maana husemwa ni sikukuu ya nuru kushinda giza na haki kushinda dhuluma.

Tarehe yake watu wa bahari wataielewa upesi. Divali huangukia usiku wa giza la mwezi, kati ya Oktoba na Novemba, siku ambazo mvuvi hungoja bamvua. Wahindu huhesabu mwezi kama sisi, ila kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi wa 13 ili hesabu ilingane na jua. Kwa hiyo Divali haizunguki misimu yote kama Idd, ambayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka.

Sherehe huchukua siku tano. Siku ya kwanza, Dhanteras, watu hununua dhahabu au vyombo vipya. Nyumba husafishwa, mlangoni huchorwa nakshi za unga wa rangi, na taa ndogo za udongo huwashwa. Usiku wa Divali wenyewe huombwa baraka za Lakshmi, mungu wao wa neema na mali. Siku ya mwisho ni ya ndugu wa kiume kuwatembelea dada zao.

Kwa Wagujarati, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindu wa Pwani, usiku huo pia ni wa kufunga hesabu. Madaftari mapya huombewa, na kwenye ukurasa wa kwanza huandikwa maneno yenye maana ya heri na faida. Siku hizi hata kompyuta huwekwa mbele ya maombi. Watu waliotupa maneno kama pesa na laki huanza mwaka kwa kumkabidhi Mungu daftari. Hapo naona tuna la kujifunza.

Fataki zina kero yake, nakubali. Wagonjwa na watoto wachanga hushtuka. Lakini mimi Divali naikumbuka kwa sahani. Jirani yetu alituletea ladu, barfi na chevda, na mama hakuirudisha sahani tupu. Idd ilipofika, sahani ilikwenda upande wa pili, bila nyama, kwa kuwa mama alijua jirani hali nyama. Hakuna aliyeacha dini yake kwa sababu ya sahani ile. Leo kuta za nyumba zetu zimepanda na sahani hizo zimepungua, na methali ndiyo iliyobaki.

Siku inayofuata Divali, Wagujarati huanza mwaka mpya, na salamu yao ni "Sal Mubarak". Neno la pili twalijua tangu utotoni. Ndilo la "Idd Mubarak". Mwaka huu ukikutana na jirani yako asubuhi hiyo, mpe salamu hiyo.