Stakabadhi za Kihamba

Babu alipofariki, uvunguni mwa kitanda chake tulikuta mkoba wa ngozi uliojaa stakabadhi za kahawa. Ni vipande vya karatasi nyembamba, vingine vimeliwa na mende pembeni, kila kimoja kina namba ya uanachama, uzito wa mzigo na sahihi ya karani wa chama cha msingi. Alizifunga mafungu mafungu kwa kamba ya mgomba, msimu kwa msimu. Mtumishi wa serikali akistaafu hupewa barua na mafao. Mkulima wa kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hapewi kitu, na asipoandikwa na watu wa nyumbani kwake haandikwi na mtu. Ndiyo maana naandika mimi mjukuu wake, nikizifuata karatasi hizo fungu kwa fungu.

Kihamba chetu kiko Kilema, upande wa Vunjo, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Huku ndiko mibuni ya kwanza ya mlima ilikopandwa, mwishoni mwa karne ya 19, na wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu. Wachagga walipoanza kuipanda kwenye vihamba vyao, walowezi wa Kizungu walipinga. Walidai kuwa mibuni ya wenyeji italeta magonjwa, lakini hofu yao nyingine ilikuwa kukosa vibarua, kwani mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuchuma ya mwenzake. Wachagga hawakuacha. Mwaka 1925 wakaunda chama cha kutetea zao lao, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wao, na mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya mlima mzima.

Babu alizaliwa mwaka 1936. Mwaka uliofuata, bei ikiwa chini na wakulima wakiwa na hasira ya kulazimishwa kuuza kwa mnunuzi mmoja tu, watu wa sehemu kadhaa za mlima walivamia maghala ya vyama. Babu wakati huo alikuwa angali mgongoni kwa mama yake. Alikua akisikia habari hizo jioni, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikinywewa, na zikamfundisha jambo alilolishika maisha yote: chama ni chetu hata kikitukosea, na kikitukosea tukiseme kikiwa kingali chetu.

Alikuwa kitinda mimba. Kwa mila yetu, baba humpa mzaliwa wa kwanza sehemu yake mapema, naye kitinda mimba hubaki na kurithi nyumba ya wazazi. Kaka zake walipewa vipande vyao, mpaka ukapandwa masale, mmea usiong'olewa na mtu mwenye heshima yake. Yeye akabaki na ekari moja na ushee, nyumba, na makaburi ya waliomtangulia. Stakabadhi ya kwanza yenye jina lake ni ya mwaka 1959, mwaka aliomwoa Bibi.

Asiyeijua kazi ya kahawa ataona mstari mmoja tu kwenye karatasi ile: kilo kadhaa, daraja fulani. Nyuma ya mstari huo kuna mwaka mzima. Kuna kupogoa, kazi ambayo Babu hakumwachia mtu. Alizunguka mbuni mmoja mara mbili akiutazama kabla ya kuchomoa mkasi, kisha akatoa maotea na matawi yaliyochoka. Kuna samadi ya ng'ombe wa ndani, anayelishwa majani yaliyotoka tambarare yamebebwa kichwani na Bibi. Kuna kunyunyiza mrututu kwa bomba la mgongoni, dawa ya bluu iliyokuwa ikibaki kwenye mistari ya viganja vyake hata Jumapili kanisani. Juu ya mibuni imesimama migomba ya kuitia kivuli, na juu ya migomba mringaringa, kila kimoja kikimpisha mwenzake jua kidogo.

Kuanzia Julai hadi Desemba ilikuwa kuchuma. Yanachumwa matunda mekundu peke yake, na mti hauivishi yote kwa siku moja, hivyo kila mbuni unarudiwa tena na tena. Jioni tulikaa kwenye mashine ya kumenya, mmoja akizungusha mkono wa mashine, mwingine akimimina maji. Mbegu zenye utelezi zilivundikwa siku moja au mbili, ikitegemea baridi ya mlima. Babu hakuwa na saa ya kupimia. Alizamisha mkono ndani ya ndoo, akasugua mbegu chache kati ya vidole, akasikiliza. Zikitoa sauti ya kokoto, utelezi umeisha, sasa zioshwe. Maji yalitoka kwenye mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu, nayo yalikuwa na zamu. Aliyepewa zamu ya usiku aliamka usiku. Kisha vitanda vya kuanikia, kugeuzageuza wiki mbili, kukimbia na turubai wingu likitanda. Ndipo gunia lipande kichwani, liende chamani, karani aandike ule mstari mmoja.

Kahawa ilikuwa ya Babu na ndizi zilikuwa za Bibi. Hivyo ndivyo mambo yalivyogawanywa vihamba karibu vyote. Fedha ya kahawa ilikuja kwa mafungu, malipo ya kwanza, ya pili, na nyongeza mnada wa Moshi ukiwa umekwenda vizuri. Iliingia mkononi mwa baba wa nyumba, ikatoka kama mabati na karo. Ndizi zilikuja kila siku, zikaenda sokoni kichwani mwa mama, zikarudi chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Babu alisomesha watoto sita kwa mibuni ile, na katika kizazi chake hilo halikuwa ajabu. KNCU yenyewe ilitoa fedha za elimu na kupeleka vijana masomoni. Kahawa ilitusomesha, na kusoma kukatutoa kwenye kahawa. Baba yangu alikwenda Dar es Salaam, ndugu zake wakaenda Mwanza na Arusha, na kitinda mimba, aliyepaswa kubaki, akaondoka pia.

Katikati ya mkoba karatasi zinabadilika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwemo, na stakabadhi zikaanza kubeba jina la kijiji. Ilitokea wakati ambao baridi kali ya mwaka 1975 ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili na bei ya kahawa imepanda dunia nzima. Babu alikuwa akisema kwamba mwaka uliokuwa na fedha nyingi ndio ambao mkulima hakuwa na chombo cha kuziulizia. KNCU ilirudishwa mwaka 1984. Ugonjwa wa chulebuni, ule unaotia madoa meusi kwenye matunda mabichi mpaka yakaukie mtini, ulizidi, na bei ya dawa ikapanda. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukasimama na bei ikaporomoka.

Baadaye kuna fungu jembamba kuliko yote. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, wakaja na magari hadi mlangoni, fedha taslimu mkononi. Msimu mmoja Babu aliuza kwa mmoja wao. Hakupewa stakabadhi, na gunia alilolijua kwa bega lake lilikuwa jepesi ghafla kwenye mizani ya mtu yule. Majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Kwetu chakula, chumvi na sabuni vilitoka kwenye migomba ya Bibi, na Babu alilisema hilo waziwazi mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakuwa wepesi kulisema.

Aliyebaki naye ni shangazi yangu. Alirudi nyumbani akiwa mjane, akashika mundu na bomba. Kwa mila, binti hurudi kama mgeni. Ardhi ni ya ndugu zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini sheria huchelewa kupanda mlima. Mwaka 2008 Babu alivaa koti lake la kanisani, akamchukua shangazi hadi chamani. Karani akamwamkia, akauliza, "Shikamoo mzee. Hakuna kijana wa kumwandika?" Babu akajibu, "Marahaba. Mwandike huyu. Ndiye anayejua kila mbuni uko wapi." Nyumbani akamkabidhi mkasi.

Siku hiyo ndiyo aliyostaafu. Shangazi alileta miche chotara kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, akang'oa mibuni mizee ambayo Babu asingethubutu kuigusa. Aliumia, tulimwona, lakini hakusema neno. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha kuanikia, akachambua mbegu zilizovunjika moja moja, na akiulizwa habari ya shamba alijibu, "Muulizeni mwenyewe."

Tulimzika kihambani, karibu na baba yake. Mafungu ya juu ya mkoba, kuanzia 2008, yote yana jina la shangazi, na kamba zake zimefungwa kwa fundo lile lile, kwani Babu aliendelea kumtunzia mpaka mwisho. Msimu uliofuata shangazi alirudi kutoka chamani na karatasi mpya. Akachana kipande cha gome kavu la mgomba, akakilainisha kwa maji, akaja kuniomba mkoba.