Joto Moja, Hesabu Mbili

Kwetu Shinyanga joto la mwezi Oktoba halihitaji kipimajoto. Ng'ombe hutafuta kivuli mapema, na ardhi huchoma nyayo. Hata hivyo joto hilo limepata kuandikwa kwa hesabu mbalimbali, kila mtawala na yake. Jambo hili limenifikirisha sana.

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Tabora, akapita katika nchi ya Wasukuma na kulifikia Ziwa Viktoria. Ili kukadiria kimo cha ziwa alichemsha maji, akasoma kipimajoto. Pwani maji huchemka katika nyuzi 212 za Fahrenheit. Kando ya ziwa letu, lililo kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, huchemka katika nyuzi 205 hivi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomwonyesha mgeni kimo cha nchi.

Wajerumani walipotawala walipima kwa Selsiasi, ambayo kwayo maji huganda katika 0 na kuchemka katika 100. Mswidi Anders Celsius, aliyekibuni kipimo hicho mwaka 1742, alikuwa amekiweka kinyume: 0 ya kuchemka na 100 ya kuganda. Kikaja kugeuzwa baadaye. Waingereza, walioishika sehemu hii mwaka 1916, wakarejea na Fahrenheit. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulioanza katika miaka ya 1930 ulifanya kazi katika zama hizo, ukafungwa mwaka 1966. Baada ya Uhuru tukaingia katika mfumo wa metriki, na Selsiasi ikarudi. Mgodi ulipofunguliwa upya mwaka 2000, hesabu ilikuwa nyingine, lakini dhahabu huyeyuka palepale: nyuzi 1,064 za Selsiasi, au 1,948 za Fahrenheit.

Kanuni ya kugeuza si ngumu. Chukua Fahrenheit, toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Hivyo 212 huwa 100, na 98.6 ya mwili wenye afya huwa 37. Ila ukigeuza tofauti, usiiguse ile 32. Joto likipanda nyuzi 2 za Selsiasi, limepanda nyuzi 3.6 za Fahrenheit, wala si 35.6. Ile 32 ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu.

Msomaji atauliza, hesabu hizi zina faida gani kwa mkulima wa pamba? Nilipata kumsikia mama mmoja, katika zahanati ya upande wa Geita, akishukuru kwamba homa ya mtoto imeshuka. Jana kipimajoto cha zamani cha jirani kilisoma 103. Leo cha zahanati kimesoma 39. Muuguzi akamketisha, akamweleza taratibu: "Mama, 103 ya jana ni 39 na kitu. Homa bado ipo palepale." Mama akanyamaza, akamkumbatia mwanawe, naye muuguzi akaharakisha kumpima damu kwa malaria. Laiti angerudi nyumbani na furaha ile!

Ndipo nikaona kwamba namba isiyotajiwa kipimo chake ni nusu ya habari, na nusu ya habari yaweza kuua. Wachimbaji wadogo wanaochoma zebaki ili wabakiwe na dhahabu hawana kipimajoto. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, sawa na 674 za Fahrenheit, lakini mvuke wake wa sumu huanza kutoka mapema zaidi, na mapafu hayaulizi umeandikwa kwa kipimo gani.

Watawala walikuja na vipimo vyao, wakaondoka. Joto halikumsikiliza hata mmoja wao. Basi ukitajiwa nyuzi, ndugu yangu, usione haya kuuliza: nyuzi za kipimo kipi?