Nyota Moja, Maana Mbili: Historia Fupi ya Fomula za Modeli za Takwimu

Makala haya yanafuatilia asili ya alama zinazotumiwa kuandika modeli za takwimu katika kompyuta, na yanadai kuwa kuzihamisha kutoka programu moja hadi nyingine ni kufasiri maana, si kunakili herufi.

Chimbuko lake ni shambani. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako R. A. Fisher alianza kazi mwaka 1919, majaribio ya mbolea na mazao yalizaa uchanganuzi wa variansi. Mwaka 1973, G. N. Wilkinson na C. E. Rogers walichapisha mfumo wa alama wa kueleza majaribio ya namna hiyo kwa ufupi. Nukta iliashiria mwingiliano wa vigezo viwili. Nyota ilikuwa kifupisho tu, kwani A*B ilisimama badala ya A + B + A.B. Programu ya Genstat, iliyotungwa hapo Rothamsted, iliutumia mfumo huo.

Mwaka 1992, kitabu kilichohaririwa na John Chambers na Trevor Hastie kiliutambulisha mfumo huo katika lugha ya S. Humo nukta ilikuwa tayari sehemu halali ya majina, hivyo nukta pacha ikachukua nafasi yake: A:B. Lugha ya R, iliyoasisiwa New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman, ikarithi mabadiliko hayo. SAS ya Marekani ilishika njia yake: kwayo A*B ni mwingiliano peke yake, na A|B ndiyo inayojumuisha vyote vitatu.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtafiti anayepima mavuno kwa kilo za mbolea na milimita za mvua akiandika mbolea*mvua katika R hupata athari ya mbolea, athari ya mvua na mwingiliano wao. Akiinakili fomula hiyohiyo katika SAS, hubakiwa na zao la vigezo hivyo pekee. Programu haitalalamika, itatoa jedwali safi, na ushauri wa ruzuku ya mbolea utajengwa juu ya modeli ambayo hakuna aliyeikusudia.

Kwa hiyo, tunapendekeza kila ripoti inayopelekwa kwa watunga sera itaje programu iliyotumika na iandike modeli kwa ukamilifu, istilahi kwa istilahi, bila vifupisho. Alama husafiri upesi. Maana yake husalia nyuma asipokuwapo wa kuibeba.