Jina la Mtoto na Kokoro la Sheria

Juni 1995, Seneta James Exon wa Nebraska aliingia katika ukumbi wa Seneti ya Marekani na faili la buluu. Ndani yake mlikuwa na picha za ngono zilizochapwa kutoka kwenye intaneti. Akawakaribisha wenzake waje wajionee. Kwa wengi wao intaneti ilikuwa bado kitu kigeni, na faili lile likawa dirisha lao. Tarehe 14 mwezi huo kura zikapigwa: 84 ziliunga mkono pendekezo lake la kuzuia uchafu mtandaoni, 16 zilipinga.

Hofu ya Exon haikuwa ya kubuni. Mzazi gani asingeshtuka? Lakini hofu huvuta takwimu. Mapema Julai jarida la Time lilitoka na sura ya mtoto aliyetumbua macho mbele ya kompyuta, na ndani likanukuu utafiti uliodai kwamba asilimia 83.5 ya picha katika baadhi ya kumbi za mtandaoni zilikuwa za ngono. Wataalamu walipouchambua waliukuta una kasoro kubwa, na jarida lenyewe likalegeza msimamo baada ya wiki chache. Wakati huo takwimu ilikwishatajwa bungeni.

Tarehe 8 Februari 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyolibeba pendekezo hilo. Kuanzia hapo, kumwonyesha mtu wa chini ya miaka 18 jambo lolote lisilo la staha mtandaoni kungekuwa kosa la jinai, na adhabu yake kifungo cha hadi miaka miwili.

Tatizo lilikuwa hilo neno staha, kwa maana kila nyumba ina kipimo chake. Siku hiyohiyo shirika la ACLU, linalotetea haki za raia, lilikwenda mahakamani Philadelphia pamoja na taasisi nyingine. Mojawapo ilikuwa Critical Path, iliyotoa elimu ya UKIMWI katika mji huo. Elimu hiyo haitolewi kwa mafumbo. Lazima kondomu itajwe na tendo lielezwe. Vijana waliohitaji kuyasikia hayo ili wabaki hai ndio ambao sheria ingewafungia mlango kwa jina la kuwalinda.

Majaji watatu walionyeshwa intaneti humohumo mahakamani, na Juni 1996 wakaizuia sheria. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 26 Juni 1997 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji John Paul Stevens, ilisema kwamba sheria hiyo, kwa kutaka kumzuia mtoto, imewanyima watu wazima haki yao ya kusema na kusikia. Wahalifu hawakufunguliwa mlango. Picha za ngono za watoto zilikuwa kosa kabla ya Exon na zikabaki kosa baada yake.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wana somo kuhusu jambo hili. Kokoro, wavu wa kukokota, limepigwa marufuku kwa sababu halichagui. Hukokota samaki wakubwa pamoja na wachanga ambao ndio kesho ya ziwa. Sheria yenye maneno mapana ni kokoro.

Tanzania ilipata la kwake mwaka 2018, zilipotoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Zilitaka watoto wakingwe na maudhui yasiyowafaa, na nani angebisha? Lakini ndani ya wavu huohuo, mwenye blogu alitakiwa kulipa takriban shilingi 2,100,000 ili apate leseni. Adhabu ilianzia faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Juni mwaka huo Jamii Forums, ambako wananchi walizoea kufichua ufisadi, ikalazimika kusimamisha huduma.

Intaneti kafe nazo ziliamriwa kufunga kamera. Mfikirie binti wa miaka 15 aliyejikusanyia fedha za nusu saa ili atafute cha kufanya kuhusu ndugu anayemwingilia usiku. Anakaa, anainua macho, anaona kamera. Ataandika nini?

Mjadala umerudi kwa nguvu mpya. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiruhusu Texas kuzitaka tovuti za ngono zithibitishe umri wa wanaoingia. Desemba mwaka huohuo Australia ikaanza kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Siamini kwamba kila zuio ni kokoro. Naamini tuna haki ya kuuliza, kila mara mtoto anapotajwa bungeni: kosa lenyewe ni lipi, limeandikwa wazi kiasi gani, na nani mwingine atanaswa?

Tanzania na Kenya zina namba 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Inafanya kazi kwa sababu moja tu: upande mmoja kuna mtoto anayethubutu kusema, upande wa pili kuna mtu mzima anayesikiliza. Mdhalimu wa watoto anachokihitaji kuliko vyote ni ukimya wao. Sheria inayowafundisha watu kunyamaza, hata ikiandikwa kwa jina la mtoto, inamsaidia yeye.