"Slay", "shade" na "tea": Maneno ya mitandaoni yaliyotoka kumbi za Harlem

Jina "slay queen" limezoeleka katika magazeti na mitandao ya kijamii ya Kenya, Uganda na Tanzania. Humtaja binti apendaye mavazi ya gharama na picha za kujionyesha. Wengi hudhani limeletwa na intaneti, lakini matumizi hayo ya "slay" yalikuwako New York miongo kadhaa kabla yake, katika kumbi za Wamarekani Weusi na Walatino waliokuwa wapenzi wa jinsia moja au waliobadili jinsia.

Dansi na "nyumba"

Chama cha Wamarekani Weusi cha Hamilton Lodge kilianza kuandaa dansi za mavazi mwaka 1869. Kufikia miaka ya 1920 dansi hizo, ambamo wanaume walishindana wakiwa wamevaa kike, zilikuwa zikivuta maelfu ya watazamaji Harlem. Mwandishi Langston Hughes alizieleza katika kitabu chake The Big Sea cha mwaka 1940.

Hata hivyo, ubaguzi wa rangi haukuishia mlangoni. Mwaka 1967 Crystal LaBeija, mshiriki Mweusi wa shindano la urembo mjini New York, alipinga hadharani ushindi wa mshiriki mzungu akidai matokeo yalipangwa. Filamu The Queen ya mwaka 1968 imeihifadhi kauli yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha House of LaBeija, inayohesabiwa kuwa "nyumba" ya kwanza ya aina yake. Kila nyumba ilikuwa na mama au baba, na watoto wake mara nyingi walikuwa vijana waliokataliwa na wazazi wao.

Maana ya maneno

Katika nyumba hizo ulimi mkali ulikuwa burudani na pia kinga. "Reading", yaani kusoma, ni kumtajia mtu kasoro zake waziwazi kwa ufundi na ucheshi. "Shade", yaani kivuli, ni kumuumbua bila kutamka tusi. Dorian Corey, mmoja wa wakongwe wa kumbi hizo, aliifafanua tofauti hiyo katika filamu ya Paris Is Burning, akieleza kuwa "shade" ilizaliwa na "reading". Msikilizaji wa taarabu hatapata tabu kuelewa: ni kijembe, ambacho mlengwa hujijua ingawa jina lake halikutajwa.

"Tea" siku hizi huandikwa kama chai, na "kumwaga chai" ni kutoboa siri. Awali lilikuwa herufi T, ambayo wengi huihusisha na neno la Kiingereza lenye maana ya ukweli. The Lady Chablis, msanii Mweusi wa mji wa Savannah, ananukuliwa akiitumia kwa maana ya mambo yake ya ndani katika kitabu cha John Berendt cha mwaka 1994. "Slay", ambalo asili yake ni kuua, lilikuwa sifa ya aliyewafunika wenzake jukwaani.

Si rahisi kuweka mpaka kamili. Baadhi ya maneno haya yalitumiwa pia na wanawake Weusi nje ya kumbi hizo, na jamii hizo mbili zimeazimana lugha kwa muda mrefu.

Nani alinufaika?

Mwaka 1990 mwanamuziki Madonna alitoa wimbo "Vogue", uliochota mtindo wa dansi wa kumbi hizo. Mwaka huohuo ilionyeshwa Paris Is Burning ya Jennie Livingston. Kipindi cha televisheni cha RuPaul's Drag Race kilifuata mwaka 2009, na mwaka 2017 kamusi ya Merriam-Webster ikaingiza matumizi ya "shade" kwa maana ya kijembe.

Waliobuni lugha hiyo hawakupanda pamoja nayo. Paris Is Burning iliingiza takriban dola milioni 4. Baada ya malalamiko, washiriki 13 waligawana takriban dola 55,000. Mmoja wa nyota wake, Venus Xtravaganza, aliuawa mwaka 1988 kabla filamu haijakamilika.

Katika Afrika Mashariki neno limebadilika sura. Sifa ya jukwaani imekuwa mara nyingi kejeli kwa wasichana wanaodhaniwa kuishi kwa fedha za wanaume. Nchini Uganda "slay queen" huandikwa magazetini bila kificho, ilhali sheria iliyotiwa saini na Rais Yoweri Museveni Mei 2023 inaweka kifungo cha maisha kwa tendo la mapenzi ya jinsia moja. Neno limepata ukaazi mahali ambapo waliolipa maana hiyo wangefungwa.